Papa aliyekesha juu ya mwamba



Anayesafiri kutoka Masasi kwenda Newala anajua mahali ambapo gari huanza kulalamika. Vilima vya mawe vya Masasi vinabaki nyuma, barabara inaukabili ukingo wa uwanda wa Makonde, na ukifika juu hewa ni nyingine kabisa. Ukienda Shimo la Mungu ukachungulia chini, utaliona bonde la Ruvuma na, ng'ambo yake, Msumbiji. Bibi zetu waliupanda ukingo huo kwa miguu, mtungi kichwani, kwa sababu juu ya uwanda hakuna mito na chemchemi ziko chini. Ni mradi wa kusukuma maji kwa mashine, ulioanza miaka ya 1950, uliowapunguzia safari hiyo. Kwao kupanda ilikuwa kazi wala si mchezo. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Newala kwamba Ulaya wako watu wanaoamka usiku wa manane kupanda mlima wa theluji kwa hiari yao, hawaendi kuteka maji wala kulima, atakuuliza kama wana akili timamu.

Mmoja wa watu hao alikuwa padre, mwalimu wa seminari na mtunza vitabu. Jina lake Achille Ratti. Baadaye dunia ilimjua kama Papa Pius XI, na yeye ndiye aliyeifanya Ndanda kuwa abasia yenye hadhi ya jimbo, Masasi na Newala zikiwa ndani ya eneo lake. Tunadhani mambo hayo mawili, mlima na Ndanda, hayako mbali sana kama yanavyoonekana.

Alizaliwa tarehe 31 Mei 1857 mjini Desio, karibu na Milano, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha hariri. Achille alipadrishwa Roma Desemba 1879, akajipatia udaktari mara tatu, akarudi kufundisha katika seminari ya Milano. Mwaka 1888 aliingia Maktaba ya Ambrosiana, mojawapo ya maktaba za kale za Italia, akawa anashinda humo akisoma miswada iliyofifia wino. Miwani, vumbi la karatasi, ukimya. Ukimtazama hivyo usingemdhania.

Lakini likizo ilipofika, Padre Ratti alivaa viatu vyenye misumari chini, akachukua kamba na shoka la barafu, akaelekea milima ya Alpi. Alikuwa mwanachama wa Klabu ya Alpi ya Italia, na hakuwa mwanachama wa kulipa ada tu.

Hapa inafaa tueleze kidogo, maana wengi wetu theluji tumeiona kwenye picha ya Kilimanjaro. Theluji ya mlimani ina saa zake. Usiku huganda ikawa ngumu kama sakafu ya saruji. Jua likipanda hulainika. Ikifika mchana huwa kama uji, na mawe na mabonge yaliyokuwa yameshikwa na baridi huachia yakaporomoka. Poromoko la theluji linaweza kufukia kijiji, sembuse mtu. Ndiyo maana mpandaji huondoka gizani. Hata wale wa siku hizi wanaopanda majira ya machipuko, mwezi wa Aprili na Mei, kwa mbao ndefu za kuteleza ziitwazo ski, hufuata sheria hiyo hiyo. Hufunga chini ya mbao vitambaa vyenye manyoya ili zisirudi nyuma, hupanda taratibu tangu kabla ya alfajiri, hufika kileleni asubuhi, kisha huvua vitambaa na kushuka kwa kuteleza kabla theluji haijaharibika. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda sana ski na milima hiyo. Ratti alikuwa wa kizazi cha kabla yake. Wakati wake ski zilikuwa bado mambo ya watu wa Norway na majirani zao. Alpi zilipandwa kwa miguu.

Mwishoni mwa Julai 1889, akiwa na umri wa miaka 32, aliondoka kijiji cha Macugnaga pamoja na padre mwenzake Luigi Grasselli na waongozaji wawili wa milima, Giuseppe Gadin na Alessandro Proment. Walikusudia kuupanda Monte Rosa kwa upande wa mashariki. Kilele chake kirefu, Dufour, kina mita 4,634. Kilimanjaro, tunajua, inafika 5,895, lakini urefu pekee hauelezi jambo. Upande ule wa Monte Rosa ni ukuta wa barafu na mawe wenye zaidi ya mita 2,000, na katikati yake unapita mfereji ambamo maporomoko hushuka mchana kutwa. Mfereji huo unaitwa Marinelli, kwa jina la mpandaji aliyeuawa humo na poromoko mwaka 1881 pamoja na waongozaji wake wawili. Miaka minane tu ilikuwa imepita. Ratti aliijua habari hiyo vizuri, na ndiyo maana mfereji waliuvuka usiku, barafu ikiwa imeshikana.

Siku nzima walikata ngazi katika barafu, hatua baada ya hatua. Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye kilele cha mashariki. Hapo palikuwa na uamuzi wa kufanya. Kuendelea gizani juu ya ukingo mwembamba kungekuwa wazimu. Kurudi walikotoka kungekuwa wazimu zaidi. Wakateremka kidogo hadi kwenye mwamba uliojitokeza, penye nafasi ya kukaa au kusimama lakini si ya kulala, miguu ikining'inia juu ya shimo. Wakakaa humo hadi asubuhi, zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari. Kahawa iligeuka barafu, divai nayo vivyo hivyo. Walipigapiga miguu chini ili isigande, wakaambiana asisinzie mtu, maana anayesinzia katika baridi ile huenda asiamke. Alipoandika habari za safari hiyo katika jarida la klabu, hakujisifu. Alieleza usiku ule kwa utulivu, akasimulia nyota na ukimya, na jinsi ukuu wa Mungu ulivyoonekana mahali pasipo na kitu kingine cha kutazama.

Kesho yake walifika Dufour, kisha wakashuka upande wa Zermatt kupitia tandiko la mlima ambalo hakuna aliyejulikana kulivuka hivyo kabla yao. Siku chache baadaye Ratti alipanda Matterhorn. Mwaka uliofuata alipanda Mont Blanc, akashuka upande wa Italia kwa njia ambayo mpaka leo wapandaji huiita njia ya Papa.

Wako watakaosema huo ni ujasiri wa kijinga, na padre ana roho za watu za kutunza. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyeuvuka ule mfereji usiku ni mtu aliyesoma mlima kabla ya kuupanda. Alichagua waongozaji wazuri, alingoja hali ya hewa, na jioni alipofikwa na giza alikubali kukaa. Mwaka 1923, akiwa Papa, alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wakazi wa Alpi na wapandaji milima, na katika barua yake aliusifu upandaji ule ambao hauna pupa.

Maisha yake ya baadaye yalikwenda kasi. Mwaka 1911 aliitwa Maktaba ya Vatikani. Mwaka 1918 Papa Benedikto XV alimtuma Poland, taifa lililokuwa linazaliwa upya, akawa balozi huko. Agosti 1920, jeshi la Wabolsheviki lilipoukaribia mji wa Warsaw, wanadiplomasia wengi waliondoka, yeye akabaki. Mwaka 1921 alifanywa Askofu Mkuu wa Milano na Kardinali. Tarehe 6 Februari 1922 alichaguliwa Papa.

Na siku hiyo milima ilikwisha. Tangu mwaka 1870, kwa ugomvi wa Kanisa na serikali ya Italia, mapapa walikuwa hawatoki Vatikani. Mkataba wa Laterano wa mwaka 1929 ulimaliza ugomvi huo, lakini hata baada ya hapo Pius XI hakwenda mbali zaidi ya Castel Gandolfo, nyumba ya mapapa ya kiangazi karibu na Roma. Mtu aliyekesha chini ya nyota za Monte Rosa aliishi miaka 17 akizunguka bustani moja.

Lakini macho yake yalikwenda mbali. Tarehe 28 Februari 1926 alitoa waraka juu ya misheni, Rerum Ecclesiae. Humo aliwaambia wakuu wa misheni jambo ambalo baadhi yao hawakupenda kulisikia: jengeni seminari, fundisheni mapadre wazawa, tena muwafundishe kikamilifu kama wanavyofundishwa Wazungu, wala msiwafanye wasaidizi wa daraja la pili. Akawauliza wafikiri itakuwaje vita ikizuka, au serikali ikibadilika, na wamisionari wa kigeni wakaamriwa kuondoka. Nani atawaadhimishia waamini Misa?

Watu wa kusini mwa Tanganyika hawakuhitaji kufikiri sana, walikwisha kuona. Wabenediktini walianza Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Wakati wa Maji Maji, mwaka 1905, misheni hizo mbili zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake wakiwa safarini. Waanglikana, waliokuwa wametangulia Masasi tangu mwaka 1876, nao walishambuliwa. Mwaka 1906 Wabenediktini walianza upya Ndanda. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa nchini. Makanisa yalibaki, vitabu vilibaki, makatekista walibaki wakiwakusanya watu Jumapili na kusali nao rozari. Padre mzawa wa kushika nafasi hakuwepo. Katika mambo yote ya historia ya Kanisa letu hapa, hilo ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu halikusababishwa na maadui. Ilikuwa kazi ambayo haikuwa imefanywa mapema, kabla jua halijapanda.

Papa huyo hakuishia kuandika. Tarehe 28 Oktoba 1926 aliwaweka wakfu kwa mikono yake mwenyewe maaskofu sita Wachina katika Basilika la Mtakatifu Petro. Mwaka 1927 alifanya hivyo kwa askofu wa kwanza Mjapani. Mwaka huo huo alianzisha abasia ya Lindi yenye hadhi ya jimbo, na mwaka 1931 akaigawa kuwa mbili, Peramiho na Ndanda. Abate-Askofu wa Ndanda, tangu mwaka 1932, alikuwa Joachim Ammann, mtu wa Uswisi. Huyo bila shaka hakuhitaji kueleweshwa theluji ni nini. Waseminari wa leo wa Masasi na Newala ni matunda ya mti uliopandwa miaka hiyo.

Hatupendi kuandika maisha ya mtu kana kwamba hakuwa na kivuli. Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Kabla ya vita Pius XI alikuwa ameonya juu ya vita vya kuteka nchi za wengine, lakini kwa maneno yenye tahadhari nyingi. Vita vilipoanza, maaskofu wengi wa Italia walivishangilia, na yeye hakuwakemea hadharani. Wanahistoria wanaeleza kwamba aliogopa kuvunja mapatano ya mwaka 1929. Huenda. Sisi wa Afrika Mashariki bado tunaona kwamba hapo tahadhari ya mpanda mlima ilimfanya akae kwenye mwamba wakati alipaswa kutembea. Baadaye alitembea: Machi 1937 waraka wake dhidi ya mafundisho ya Wanazi uliingizwa Ujerumani kwa siri na kusomwa makanisani Dominika ya Matawi, na mwaka 1938, akiwa mgonjwa, alipinga waziwazi siasa za ubaguzi wa rangi.

Alifariki tarehe 10 Februari 1939, mwenye umri wa miaka 81. Miezi minane baadaye, tarehe 29 Oktoba, Papa Pius XII alimweka wakfu Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, askofu wa kwanza mweusi wa nyakati zetu katika ukanda huu. Kwetu ilichukua muda zaidi. Mwaka 1972 eneo la abasia ya Ndanda likawa Jimbo la Mtwara, na askofu wake wa kwanza akawa Maurus Libaba, Mwafrika. Mwaka 1986 likaundwa Jimbo la Tunduru-Masasi. Newala imebaki Mtwara, na padre anayetoka huko kwenda Masasi bado huushuka ule ule ukingo wa Makonde, siku hizi kwa pikipiki.