Mkimya wa Blantyre

Ijumaa moja vipindi vilipoisha nilipanda basi la Tunduma, nikashuka Mpemba, nikaunga gari hadi Isongole na Itumba, kisha bodaboda mpaka Ikinga. Sikuwa na ndugu kule wala shughuli. Nilitaka tu kufika mahali ambapo hakuna anayenijua, nitembee vilimani, nitazame kahawa na migomba, nisiongee na mtu kwa siku mbili. Simu nikaizima. Wapo watakaonielewa, wale ambao kwenye kazi ya kikundi tunaomba kuandaa slaidi ili mwingine akasimame mbele kuzisoma.

Kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja, maisha ya David Livingstone. Huyu sote tunamjua. Kwenye noti za historia alikuwa anakaa kwenye orodha ya wapelelezi na wamisionari waliotangulia ukoloni, unamkariri, mtihani ukiisha unamsahau. Hata kule Ikinga hayuko mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na jiji la Blantyre kule limepewa jina la alikozaliwa Uskoti mwaka 1813. Milima ya mashariki mwa Ziwa Nyasa nayo bado inaitwa kwa jina lake. Ila darasani hakuna aliyeniambia kwamba jamaa alikuwa mkimya kupita kiasi.

Alianza kazi kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba akiwa na miaka 10, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kitabu alikiegesha juu ya mashine, akawa anadaka sentensi moja moja kila anapopita. Alijilipia masomo ya udaktari Glasgow kwa mshahara huo huo. Halafu akajiunga na Shirika la Wamisionari la London, na hapo ndipo ilipotokea habari iliyonifanya nicheke peke yangu gesti. Akiwa bado mwanafunzi alitumwa kuhubiri kwenye kanisa la kijiji kimoja kinaitwa Stanford Rivers. Akasoma andiko taratibu, kisha kichwa kikawa cheupe kabisa. Akawaambia waumini kwamba mahubiri yote yamemtoka, akashuka na kukimbia nje. Aisee, namjua mtu huyo. Namuona kila nikijitazama kwenye kioo siku ya presentesheni.

Alifika Afrika Kusini mwaka 1841, na huku kwetu ukimya wake haukumzuia. Alitembea kutoka Linyanti hadi Luanda kwenye pwani ya Atlantiki akiwa na Wamakololo 27, akafika mwaka 1854. Kisha akageuka, akapita Mosi-oa-Tunya, akatokea Quelimane kwenye Bahari ya Hindi mwaka 1856. Balaa lilianza alipopewa Wazungu wenzake wa kuwaongoza. Safari ya Zambezi, 1858 hadi 1864, ilikuwa ugomvi mtupu. Alinuna siku nyingi bila kumsemesha mtu, na alimfukuza msanii Thomas Baines kwa tuhuma ya wizi ambayo haikuthibitishwa.

Kwa hiyo mwaka 1866, alipoondoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, hakuchukua Mzungu hata mmoja. Vitabu vingi vinasema alikwenda peke yake. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika kidogo, maana alianza na watu kama 60. Wengi walimkimbia njiani, ni kweli. Januari 1867 mmoja alitoroka na sanduku la dawa, na mwezi huo huo mbwa wake mdogo, Chitane, akazama majini. Lakini Susi na Chuma walibaki. Baadaye Halima alimpikia. Kuna aliyeuliza njia, kuna aliyeomba chakula kwa watu wa kijiji, kuna aliyembeba mtoni akiwa hoi. Yeye alipata nafasi ya kunyamaza kwa sababu wengine waliongea.

Na kuna upande ambao sikuufurahia. Mwaka 1852 alimpandisha meli mkewe, Mary, pamoja na watoto wanne, wakaishi Uingereza kwa shida huku yeye akiendelea na safari. Mary alipomfuata alifia Shupanga mwaka 1862. Mwanawe Robert alikwenda Marekani, akajiunga na jeshi kwa jina lisilo lake, akafa akiwa mfungwa wa vita mwaka 1864. Baba yake alimfahamu kwa vipindi tu.

Niliposoma hapo ilikuwa Jumamosi, saa tatu usiku. Niliwasha simu. Mama alikuwa ameshampigia mwenzangu wa chumba mara sita, na mwenzangu hakuwa na jibu kwa sababu sikumuaga. Nilimpigia mama, akalia kwanza, halafu ndiyo akanigombeza. Asubuhi yake nikagundua kwamba yule kijana wa bodaboda alikuwa amepita jioni kumuuliza mama wa gesti kama mgeni amekula. Mimi nilidhani nimepotea kwenye macho ya watu wote.

Livingstone alifika kusini mwa Ziwa Tanganyika Aprili 1867, akazunguka Bangweulu, akarudi Ujiji akiwa amechoka, na hapo Stanley akamkuta mwaka 1871. Hakukubali kurudi naye. Alikufa Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, na asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Wale watu hawakuwa na sababu ya kuendelea. Bwana amekufa, mshahara uko Zanzibar, wangeweza kuzika na kutawanyika. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo wa kitambaa, wakaubeba miezi mingi, wakizunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika na kupita Tabora mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Karibu na Tabora Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa.

Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster Abbey, London. Katika wote waliombeba, mmoja tu alikuwepo kaburini, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakakaa na Horace Waller kumsaidia kuziweka sawa shajara za safari ya mwisho. Halima alibaki huku.

Nilirudi chuo Jumapili na basi la jioni. Kijana wa bodaboda alinipa namba yake, na mama anayo pia.