Sayyid Barghash bin Said na Maji ya Chemchem: Funzo kwa Wanaotoa Sadaka ya Maji

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wasomaji, kila mwaka zipo familia za visiwani zinazochanga fedha za kuchimba kisima kwa niaba ya wazee wao waliotangulia mbele ya haki. Baadhi ya fedha hizo huvuka bahari mpaka kusini ya Tanganyika, kwa ndugu zetu wa Masasi na Newala. Kheri hii ina asili katika dini yetu. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu wanywe bure, na Bibi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, aliwapelekea mahujaji maji Makka. Leo tutazame maisha ya mtu wa hapa kwetu ambaye jina lake limefungamana na maji ya mji wa Unguja, kisha tuone yanatufundisha nini kabla hatujatia mkono mfukoni.

Sayyid Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwa naye katika safari hiyo. Utawala wa Unguja ukashikwa na kaka yake, Sayyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliinuka dhidi ya kaka yake akiungwa mkono na Waarabu wa kabila la Al-Harthi na baadhi ya dada zake, akiwemo Sayyida Salme. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi.

Bombay ilikuwa bandari kubwa yenye watu wengi, na kwa miaka mingi ilitaabika kwa maji. Mwaka 1860, Barghash akiwa bado huko, maji ya ziwa jipya la Vihar yalianza kuingia mjini kwa mabomba ya chuma. Kijana huyo wa kifalme aliishi katika mji ule wakati uleule ulipokuwa ukibadilika.

Aliporejea nyumbani aliukuta mji wa Unguja katika hali nyengine kabisa. Visima vya mjini vilikuwa vifupi, maji yake ya chumvichumvi, na vingi vilichimbwa karibu na vyoo na makaburi. Maji mazuri yaliletwa kutoka nje ya mji kwa mitungi, na waliobeba mitungi hiyo wengi wao walikuwa wanawake watumwa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia na kuua maelfu ya watu. Sayyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akashika utawala wa mji uliokuwa ndio kwanza unatoka msibani.

Mitihani haikwisha hapo. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi na kuvunja majahazi na meli bandarini. Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka afunge biashara ya watumwa. Alikataa kwanza, lakini alipotishiwa kuzingirwa kwa manowari alitia saini, tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Mwaka 1875 alifunga safari ya Ulaya, akafika London na Paris. Miaka iliyofuata alitumia mali nyingi kuujenga mji. Alileta mtambo wa kupigia chapa vitabu, ukachapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Alinunua meli za moshi. Alijenga jumba la Marahubi, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib. Lakini kazi iliyomgusa kila mtu, tajiri na maskini, ni maji. Maji safi yalichukuliwa kutoka Chemchem, kaskazini ya mji, yakashuka kwa mabomba mpaka ndani ya mji, watu wakateka bila ya kulipa. Hayakuhitaji mashine ya kuyasukuma, kwani chanzo kiko juu na mji uko chini. Mama aliyekuwa akinunua mtungi, au akinywa maji ya kisima kilicho jirani na choo, akapata maji ya mfereji karibu na mlango wake.

Ni wajibu wetu kusema na upande wa pili. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini na masoko. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja mpaka mwaka 1897, na utajiri wa karafuu ulioijaza hazina ya mfalme ulitoka katika jasho la watu wasio huru. Mwaka 1876, Barghash akiwa madarakani, Askofu Steere wa misheni ya Kiingereza alichukua kundi la watu waliokombolewa, waliokuwa wakiishi Unguja, akataka kuwarejesha upande wa Ziwa Nyasa. Njiani wakakaa Masasi, na makazi yao yakawa mwanzo wa mji wa leo. Kwa hiyo Masasi na Unguja zina deni la zamani baina yao, na anayepeleka kheri huko asijione kuwa anawahurumia wageni.

Mwisho wa Barghash ulikuwa mzito. Kuanzia 1884 na 1885 Wajerumani walijitwalia bara, na mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana wao kwa wao kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Maradhi yalimzidi. Alikwenda Oman kutafuta tiba katika chemchemi za maji moto, akarudi, na akafariki Machi 1888. Bara aliyoihangaikia ilikwenda, na maji yakabaki.

Sasa tuje Newala. Mji huu uko juu ya uwanda wa Makonde, mamia ya mita juu ya bonde la Ruvuma. Ardhi yake ni ya kichanga. Mvua inanyesha, maji yanazama, na yanatokea chini kabisa ya miteremko. Wazee walipanda juu kukimbia wavamizi na wakamataji wa watumwa, na gharama ya usalama huo waliilipa wanawake, kwa kushuka bondeni na kupanda na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni kuyapandisha juu. Mpaka leo mji unategemea vyanzo vya chini kama Mitema. Tofauti na Chemchem ni kubwa: Unguja maji yalishuka wenyewe, Newala lazima yapandishwe kila siku, kwa nishati na vipuri. Siku mashine ikisimama, mifereji inakauka.

Hapo ndipo penye funzo kwa mtoaji. Kisima kifupi kinachofaa Makunduchi au Wete kinaweza kuwa shimo tupu juu ya uwanda wa Newala. Basi kwanza waulizeni wenyeji, maimamu wa huko na wataalamu wa maji. Wenyeji wengi wamezoea kuvuna maji ya mvua kutoka mapaani na kuyahifadhi katika matangi ya chini ya ardhi. Tangi moja la namna hiyo kwenye msikiti au madrasa laweza kufaa kuliko kisima chenye kibao cha jina la marehemu na pampu iliyokufa.

Pili, kutengeneza kilichoharibika ni sadaka kama kuchimba kipya. Malipo yanafuata manufaa wanayoyapata viumbe, na niya ya mtoaji. Anayeweka wakfu maji atenge pia fungu la matengenezo na amteue msimamizi muaminifu, kama mafaqihi walivyoelekeza katika mambo ya wakfu.

Tatu, fedha za zaka zisitumike kuchimbia visima. Kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, na ndiyo ya madhehebu ya Imam Shafi, ni kwamba zaka hupewa watu wa mafungu manane waimiliki. Maji yatolewe katika sadaka ya hiari au wakfu. Thawabu zake mnaweza kuwanuilia wazee wenu, kwani Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Saad bin Ubada kutoa sadaka ya maji kwa ajili ya mama yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awasamehe makosa yao, na ayakubali mema yao na yetu.

Wallahu a'lam.