Mchungaji Grundtvig na shule ya waliokosa shule

Makanisani mwetu wako wamama na vijana wengi waliotolewa shuleni na vita, umaskini ama ndoa za mapema. Wengine wanaona wakati wao wa kujifunza umekwisha pita. Maisha ya mtumishi huyu wa Mungu yanawapa jibu.

Nikolai Frederik Severin Grundtvig alizaliwa mwaka 1783 huko Udby, nchini Denmark, katika nyumba ya mchungaji wa Kilutheri. Katika shule ya Kilatini ya Aarhus alichoshwa na kukariri mambo yasiyogusa maisha, na uchungu huo haukumtoka. Mwaka 1811 alibarikiwa kuwa mchungaji. Mwaka 1825 aliandika kitabu cha kumpinga profesa mmoja wa teolojia. Akashitakiwa, akashindwa, na kwa miaka mingi hakuweza kuchapisha neno bila ruhusa ya serikali. Mwaka uliofuata akaacha usharika wake.

Lakini hakuacha kujifunza. Kati ya 1829 na 1831 alikwenda Uingereza mara tatu. Huko Cambridge aliona walimu na wanafunzi wakiishi pamoja na kuzungumza mezani. Akaona si haki neema hiyo iwe ya watoto wa wakubwa tu. Miaka ile wakulima wa Denmark walianza kuitwa kwenye mabaraza ya nchi, na wengi walikuwa wameacha shule wakiwa na miaka kama 14.

Ndipo akapendekeza shule ya vijana waliokwisha kukomaa, bila mitihani wala diploma. Humo watu wangejifunza historia, lugha na mambo ya nchi kwa hadithi, nyimbo na mazungumzo. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Mwaka 1851 Kristen Kold, mwana wa mshona viatu, alifungua nyingine Ryslinge, akaishi pamoja na wanafunzi wake. Miaka ya 1860 akawakaribisha wasichana pia.

Grundtvig mwenyewe alihudumu Vartov, kanisa la nyumba ya wazee na maskini mjini Copenhagen, tangu 1839 hadi kufa kwake mwaka 1872.

Mbegu hiyo ilifika mpaka kwa majirani zetu. Mwaka 1975 Tanzania, ikisaidiwa na Uswidi, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa shule hizo.

Hatudharau diploma, maana inafungua mlango wa kazi. Lakini mama anayetaka kusoma mwenyewe karatasi ya shamba lake asingojee diploma. Kanisa lina chumba, mabenchi, na waumini walio walimu, wauguzi na washonaji. Jioni mbili kwa juma zinatosha kwa kuanza.

Bwana atupe moyo wa kufungua mlango huo.