Sequoyah, Aliyewapa Wacherokee Maandiko

Sequoyah alikuwa mtu wa kabila la Wacherokee wa Marekani, mfua fedha, naye alichechemea mguu mmoja. Alizaliwa yapata mwaka 1770 katika Tennessee. Kusoma Kiingereza hakujua maisha yake yote. Aliona tu ya kuwa wazungu hutia alama karatasini, na mtu aliye mbali akizitazama hupata habari ile ile, haikupungua wala kuzidi. Wenzake wengi walidhani ni uganga. Yeye aliona ni ufundi, kama kufua fedha.

Akaanza yapata mwaka 1809. Kwanza alitaka kila neno liwe na alama yake. Alama zikazidi mno, hata mwenyewe asiweze kuzishika zote kichwani. Basi, ni faida gani? Maandiko yaliyokusudiwa kuipunguzia akili mzigo yakawa mzigo wa pili. Majirani wakamcheka, wengine wakamdhania mchawi; husimuliwa kwamba mkewe alizitia motoni kazi zake za kwanza. Akaanza tena, safari hii akisikiliza sauti. Ndipo alipotambua ya kuwa maneno yote, yajapokuwa mengi, yamefanyizwa kwa vipande vichache vinavyorudi-rudi. (Mwalimu aliyewaimbisha watoto ba, be, bi, bo, bu atafahamu upesi.) Mwaka 1821 alama zake zilikuwa 86 tu.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa binti yake mdogo, Ayoka. Wazee hawakusadiki, wakawatenga baba na mtoto, wakatamka maneno yaandikwe na mmoja, yasomwe na mwingine. Yakasomwa sawasawa.

Tangu hapo watu wakajifunza kwa wingi. Waliohamia Arkansas wakapelekeana barua na ndugu zao waliobaki mashariki. Mwaka 1828 gazeti lao, Cherokee Phoenix, likapigwa chapa huko New Echota. Hata waganga wakaandika. Hapo kwanza maneno ya dawa yalikaa moyoni mwa mganga, naye alimfundisha amtakaye. Sasa yaliwekwa katika madaftari, na baadhi yake yamehifadhiwa hata leo. Mganga akifa, maneno hayakufa naye. Lakini pia mtu asiyepata kufundishwa naye aliweza kuyasoma.

Mwaka 1838 Wacherokee wa mashariki wakafukuzwa katika nchi yao, wakafa maelfu kwa safari ile. Sequoyah alikuwa amekwisha kutangulia magharibi. Mwaka 1842, akiwa mzee, alishika njia ya Meksiko kuwatafuta Wacherokee waliopotelea huko. Akafa huko mwaka 1843, na kaburi lake halijulikani lilipo.