Joseph Fraunhofer, Fundi wa Vioo

Joseph Fraunhofer alizaliwa mwaka 1787 katika mji wa Straubing, nchi ya Bavaria, huko Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, maskini mwenye watoto wengi. Joseph alipokuwa na miaka kumi na mmoja, wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Akapelekwa München kwa fundi wa vioo vya kujitazamia, afanye kazi miaka sita bila mshahara. Bwana huyo hakupenda kijana asome vitabu.

Mwaka 1801 nyumba ya fundi ilianguka. Mke wa fundi alikufa, na Joseph akafukiwa chini ya mbao na mawe kwa saa nyingi. Mtawala wa nchi, Maximilian Joseph, alifika mwenyewe watu walipokuwa wakifukua. Kijana akatolewa mzima! Mtawala akampa vipande 18 vya dhahabu. Joseph hakuvitumia kwa anasa: alinunua mashine ya kusugulia vioo, akajikomboa kwa bwana wake, akasoma hesabu.

Baadaye alifanya kazi Benediktbeuern, katika nyumba ya zamani ya watawa wa Mtakatifu Benedikto. Humo waliyeyusha kioo safi cha darubini.

Mwanga wa jua ukipita katika kioo cha pembe tatu, hutoa rangi za upinde wa mvua. Jambo hilo lilijulikana. Mwaka 1814 Joseph aliuingiza mwanga kwa ufa mwembamba, akazitazama rangi kwa darubini. Lo! Mistari myeusi ilizikata rangi. Mwingereza Wollaston alikuwa ameona michache mwaka 1802, akaiacha. Joseph akaihesabu: 574! Mingine minene, mingine myembamba kama unywele. Ile mikubwa akaipa herufi: A, B, C, D na kuendelea. Katika mwanga wa mwezi akaona mistari ile ile. Katika nyota ya Sirius, mingine. Basi haikutoka katika kioo chake. Lakini sababu yake hakuijua.

Aliitumia kama alama zisizohama, akapima kioo barabara, na darubini zake zikasifiwa Ulaya nzima. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826, mwenye miaka 39.

Mwaka 1859, huko Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen walipata sababu: kila kitu kikiwa mvuke kina mistari yake. Mistari ya D ni ya sodiamu, iliyomo katika chumvi ya chakula. Mvuke wa sodiamu unaozunguka jua ndio unaokula sehemu hiyo ya mwanga.