Frederick Douglass: mtumwa aliyeipigania sura yake

Sote tunaoishi ughaibuni tunaujua uzito wa ile picha ndogo ya pasipoti. Ndiyo inayomfungulia mtu mlango, na ndiyo inayomfungia. Leo tunamkumbuka mtu aliyeutambua uzito huo mapema kuliko wengi: Frederick Douglass, mtumwa wa Kimarekani aliyekuja kuwa mwandishi, mhariri na mwanadiplomasia, na ambaye watafiti wanamhesabu kuwa ndiye Mmarekani aliyepigwa picha nyingi kuliko wote katika karne ya 19.

Alizaliwa mwaka 1818 katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland. Mama yake, Harriet Bailey, alikuwa mtumwa, na siku hasa aliyozaliwa hakuijua mpaka anaingia kaburini. Alipopelekwa Baltimore akiwa mtoto, bibi wa nyumba, Sophia Auld, alianza kumfundisha herufi. Mumewe akapiga marufuku, kwa hoja kwamba mtumwa akishajua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Kijana akatambua hapo hapo njia ya uhuru inapita wapi. Akaendelea kujifunza kwa siri, walimu wake wakiwa watoto wa Kizungu wa mitaani.

Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka. Alivaa nguo za baharia na kupanda treni akiwa na karatasi za kuazima za baharia mweusi aliye huru. Karatasi hizo hazikuwa na picha, kwani ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka uliofuata, 1839. Zilikuwa na maelezo ya sura tu, na maelezo yenyewe yalikuwa ya mtu mweusi zaidi kuliko yeye. Lau mkagua tiketi angezisoma vizuri, safari ingekwishia pale. Hakuzisoma. Aliona mtu mweusi na karatasi yenye nembo ya tai wa Marekani, akaridhika.

Siku ile kutotazamwa vizuri kulimwokoa. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kupigana na kutotazamwa huko huko.

Alimwoa Anna Murray, mwanamke huru aliyemsaidia kutoroka, wakahamia New Bedford, Massachusetts. Mwaka 1845 alitoa kitabu cha maisha yake, akawataja mabwana zake kwa majina. Kwa kuwa kisheria alikuwa bado mali ya mtu, ilimbidi akimbilie Ireland na Uingereza, ambako alikaa karibu miaka miwili. Marafiki wa huko walichanga pauni 150 kumnunulia uhuru wake mwaka 1846. Aliporudi, mwaka 1847, alianzisha gazeti lake, North Star, mjini Rochester. Mwaka 1859 alikimbia tena, kupitia Canada hadi Uingereza, baada ya uasi wa John Brown kule Harpers Ferry.

Katika gazeti hilo, mwaka 1849, alilalamika kwamba wachoraji wa Kizungu hawawezi kumchora mtu mweusi kwa haki. Tayari wana sura yao kichwani, na hiyo ndiyo wanayoichora. Mwaka 1854, akihutubia chuo kimoja huko Ohio, aliwashambulia wanasayansi waliodai kuwa watu weusi ni jamii ya chini. Alionyesha kuwa vitabu vyao vinamchora Mzungu akiwa katika heshima yake, na mtu mweusi katika hali mbaya kabisa, kisha vinaiita tofauti hiyo elimu.

Kamera nayo ilikuwa imeshaingizwa katika kazi hiyo. Mwaka 1850, Louis Agassiz, profesa wa Harvard, alipigisha picha za watumwa kule Columbia, South Carolina, wakiwa wamevuliwa nguo, ili zitumike kuthibitisha nadharia yake ya rangi.

Hata hivyo Douglass hakuikimbia kamera. Alikaa mbele yake mara kwa mara, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1840 mpaka uzeeni, akiwa na koti zuri, macho makali, na mara nyingi bila kutabasamu. Hakutaka kufanana na yule mtumwa mwenye furaha wa kwenye vibonzo. Mwezi Desemba 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, alitoa mjini Boston mhadhara mzima juu ya picha na maendeleo ya binadamu. Picha zake zinazojulikana ni kama 160, zaidi ya zile za Rais Lincoln.

Baada ya vita alishika nyadhifa kadhaa, ikiwemo kuiwakilisha Marekani nchini Haiti kuanzia 1889 hadi 1891. Alifariki Washington tarehe 20 Februari 1895.

Je, aliishinda vita hiyo? Nusu yake. Aliamini kamera ina haki kuliko mkono wa mchoraji, lakini kamera nayo hutengenezwa na watu. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, maabara za picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke wa Kizungu. Ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli chenye meno na macho. Mwaka 2018, utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru ulipima programu tatu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7.

Wapo vijana wetu vyuoni wanaopanga kuandika utafiti juu ya ubaguzi katika picha. Tunawashauri waanzie kwa mzee huyu, si kwenye mitambo. Waulize alivyouliza yeye: nani kapiga picha hii, kwa faida ya nani, na aliyepigwa alikuwa na hiari? Wale watumwa wa Columbia hawakuulizwa. Douglass alikwenda studio kwa miguu yake mwenyewe, akachagua koti lake na namna ya kukaa. Kamera ilikuwa ya aina moja. Uhuru ndio uliokuwa tofauti.