Edmond Albius: Mtumwa aliyeyawezesha maua ya vanila kuzaa

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wengi wa vanila duniani hutumia mbinu iliyogunduliwa na mtoto wa miaka 12, ambaye alikuwa mtumwa na hakuwahi kuingia darasani.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa kinaitwa Réunion, mashariki mwa Madagaska. Mama yake alifariki dunia alipokuwa akimzaa, naye akalelewa na bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, aliyemfundisha kutunza bustani.

Vanila, ambayo ni aina ya okidi yenye asili ya Mexico, ilikuwa imepandwa kisiwani humo kwa takriban miaka 20. Ilichanua vizuri, lakini matunda yalikuwa nadra mno. Shada moja huweza kuwa na maua 15 au zaidi, yanayofunguka kwa zamu, na kila ua hudumu kwa muda usiozidi siku moja. Ndani yake, utando mdogo hutenganisha chavua na sehemu ya kike, hivyo pasipo wadudu wa kulichavusha, wingi wa maua huwa ni kazi bure.

Mwaka 1841 Edmond aliuinua utando huo kwa kijiti chembamba, kisha akaigandamiza chavua kwa kidole gumba. Ua likazaa. Muda si mrefu akawa anapelekwa katika mashamba mengine kuwafundisha watumwa wenzake.

Mbinu hiyo pia ilimpa mkulima uwezo wa kuamua shada lizae matunda mangapi. Huchavushwa baadhi tu ya maua, kwa kuwa mmea uliobebeshwa matunda mengi hudhoofika.

Utumwa ulipofutwa kisiwani humo mwaka 1848, Edmond alipata uhuru na jina la Albius, lakini hakupata sehemu yoyote ya utajiri wa vanila. Baadaye alifungwa jela kwa wizi, akaachiwa kabla ya kumaliza kifungo baada ya bwana wake wa zamani kumwombea kwa gavana. Mtaalamu wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alidai kuwa ugunduzi ule ulikuwa wake, lakini Bellier-Beaumont alimtetea Edmond kwa maandishi.

Albius alifariki dunia Agosti 1880 akiwa maskini. Hadi leo, kuanzia Madagaska na Komoro hadi Uganda, maua ya vanila huchavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kama alivyofanya yeye.